Mluzi wa Kishingo

Siku ya chaku, vikunya walikataa kukimbia.

Watu wa kijiji cha Qollpani, juu milimani Amerika ya Kusini, walikuwa wamejipanga mstari tangu jua lilipochomoza, wazee kwa vijana, wote wameshika kamba moja ndefu iliyofungwa vitambaa vyekundu na vya njano. Waliteremka mlimani taratibu, wakiwasukuma vikunya, jamaa wadogo wa ngamia wasiofugwa, kuelekea zizi la mawe lililo bondeni. Ndivyo chaku inavyofanyika tangu enzi za mababu zao. Watu wanatembea, vikunya wanawakimbia, zizi linawapokea, manyoya yananyolewa, na kabla giza halijaingia kila mnyama amerudi malishoni akiwa mzima, mwepesi kidogo na mwenye kinyongo. Kazi nzima hutegemea jambo moja, kwamba vikunya akimwona mtu aondoke.

Safari hii waliwaona watu na hawakuondoka. Waliinua shingo zao ndefu zenye rangi ya mdalasini, wakatazama vitambaa vikipepea, wakarudi kula. Mstari ulipowakaribia, majike wawili walipita chini ya kamba bila haraka, kama wageni wa harusi wanaotafuta viti. Watu wakacheka. Kijana mmoja akampungia jike kofia, jike akainusa kofia.

Paskalina Tluway hakucheka. Alikuwa katikati ya mstari, amealikwa kushika kamba kwa heshima, maana alikuwa ameongoza wageni katika milima ile kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote wa Kampuni ya Pembe Nne. Alikuwa amevaa joho lake. Hakuna aliyemwambia alivae. Alilivaa kama dereva anavyofunga mkanda, mkono ukifanya kazi huku akili iko kwingine.

"Ni hilo joho lako, binti!" alipaza sauti Doña Saturnina, msimamizi wa chaku, mama mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. "Unatuharibia! Livue!"

Paskalina aliona haya, akalivua, akalitupa nyuma mbali. Upepo wa mlimani ukampata mgongoni. Ndipo dume kiongozi wa kundi lile alipomjia, akanusa kiganja chake kitupu, akampita. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Doña Saturnina, ambaye maishani mwake hakuwahi kuvaa joho la Kampuni hata kwa mzaha, akaanza kutafuna kitambaa cha njano kilichokuwa mkononi mwake.

Doña Saturnina alimsukuma kwa goti. Dume akarudi, akaendelea kutafuna. Kicheko kikakatika mstari mzima, kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa ameelewa kwamba tatizo si joho la Paskalina.

*

Watu wengi hudhani joho humficha mtu. Si kweli. Mhandisi Lwitiko Mwaipaja, aliyelibuni huko Mbeya, alianza kwa kuficha kweli: akaficha rangi, akaficha kivuli, akaficha harufu. Akashindwa vibaya, maana mnyama wa porini akihisi kitu asichokiona huogopa maradufu. Basi akaligeuza wazo lake juu chini. Badala ya kumficha mtu, akaamua kumtambulisha. Kwenye kola ya joho kuna kidude kisichozidi kifungo cha koti. Kidude hicho husoma kundi lililo mbele yake, kisha hutoa harufu ya kundi hilo pamoja na mvumo wa chini ambao mama humtolea mwanawe. Mnyama ananusa, anasikia, anaamua kwamba huyu ni wetu. Mambo yamekwisha.

Kwa kidude hicho Kampuni ilijitajirisha. Zamani Wazungu walikuja Serengeti kutazama simba kwa darubini, wakiwa wamefungiwa ndani ya gari. Sasa watu wa Moshi, Nakuru na Mbarara walivuka bahari kwenda Amerika ya Kusini, na hawakutaka kutazama kwa mbali. Katika vinamasi vya Iberá walikaa matopeni na kapibara, wale panya wakubwa kama nguruwe, wakapumzisha viwiko vyao juu ya migongo yao. Kwenye maziwa ya chumvi ya nyanda za juu, heroe wenye rangi ya waridi walipita katikati yao. Kusini kabisa, Patagonia, puma alijilamba kucha huku wageni wakihesabu masharubu yake. Hakuna mgeni aliyewahi kung'atwa. Kila kundi lilirudi nyumbani likiapa kwamba limebadilika, na baadhi yao pengine walibadilika kweli.

Kitu kimoja hakikuulizwa, nacho ni hiki: watoto wa wanyama wale walikuwa wanajifunza nini? Vikunya waliowahi kumkimbia mtu walizeeka, wakafa. Waliozaliwa baada yao walimkuta mtu tayari yumo katikati ya ukoo. Hata asipovaa joho walimwona ni yuleyule wa siku zote, amesahau tu kuvuma. Swali hilo halikuwa na soko, na wenye Kampuni si watu wa kuuliza maswali yasiyo na soko.

Paskalina naye hakuuliza. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa na miguu minne. Dume aliyetafuna kitambaa aliitwa Kishingo. Paskalina alimkuta akiwa mchanga kando ya mama yake aliyekufa kwenye theluji. Alijilaza ubavuni pake akiwa na joho, likivuma na kuvuma, mpaka theluji ilipokoma na jike mmoja mwenye maziwa akamkubali. Tangu hapo kila alipopanda mlimani Kishingo alimjia na kumtafuna kifungo cha mkono wa kushoto, kifungo hichohicho siku zote. Paskalina hakuwa na mtoto. Hakusema kamwe kwamba Kishingo ni mwanawe, lakini kile kifungo hakukishona upya, alikiacha kining'inie.

*

Mgeni wake wa msimu ule alikuwa mmoja tu, Mama Ndelilio Massawe, muuguzi mstaafu kutoka Marangu. Ndelilio alikuwa na ulimi mkali na magoti mabovu. Walikuwa wameanzia Iberá, wakapanda polepole hadi kwenye maziwa ya chumvi, na kote huko alikuwa akilalamika.

"Heroe tunao Manyara, mwanangu. Nimevuka bahari nzima kuja kutazama heroe?"

"Hawa ni wa aina nyingine, Mama."

"Miguu miwili, shingo ndefu, maringo. Ni walewale. Mimi nataka huyo vikunya wako. Nataka anisogelee mwenyewe bila kuitwa."

Ndilo jambo pekee alilolitaka katika safari yote, na Paskalina alikuwa amemwahidi.

Siku iliyofuata chaku ile iliyoshindikana, Doña Saturnina alikuja kwenye nyumba ya wageni, akawaita wote wawili bila kueleza anakowapeleka. Waliendesha hadi bonde la pili. Pale chini, kwenye majani ya manjano, lililala kundi zima la vikunya, madume, majike na watoto, wameuawa kwa risasi na kuchunwa ngozi pamoja na manyoya. Majangili wenye haraka hawanyoi. Wanachuna.

Paskalina alikuwa ameshaona mizoga nyumbani kwao na huku ugenini. Alichokitazama ni ardhi. Mahali palipo na majangili pana alama za kukimbia: majani yamekanyagwa, mavumbi yamechimbwa kwa kwato, damu imetawanyika. Hapa hapakuwa na kitu. Kila mnyama alianguka pale alipokuwa akila. Mmoja alikufa na majani mdomoni. Inaonekana wa pili aliuawa akimnusa wa kwanza.

"Walisimama wakapigwa mmoja mmoja," alisema Doña Saturnina. "Mimi na marehemu mume wangu tuliwahi kukaa kwenye baridi tukiwafukuza majangili kwa mbwa na tarumbeta. Lakini wanyama walitusaidia. Walikimbia! Hawa watasaidiwaje?" Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na kidude kidogo kama kifungo cha koti. "Hiki nimekiokota pale."

Kilikuwa kidude cha kola ya joho la toleo la zamani lililokwisha kuuzwa na kuibwa kila mahali. Majangili hawakuridhika na wanyama wasiowakimbia. Walikuwa wamejiongezea na mvumo wa mama ili mambo yaende haraka.

Mama Ndelilio aliinama, akafunika uso wa mtoto mmoja kwa leso yake.

*

Paskalina alimpigia Mhandisi Lwitiko. Uso wake ulitokea kwenye kioo cha simu, mwembamba, wenye usingizi, nyuma yake pazia lenye maua.

"Pole sana, dada Paskalina," alisema baada ya kusikiliza, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Tulishaanza kulifikiria. Vikunya wana mlio wa hatari. Dume hukaa mahali pa juu, akiona adui anapiga mluzi, kundi lote linatoka mbio. Nimeuweka mluzi huo kwenye joho lako sasa hivi. Jaribu."

Alijaribu asubuhi iliyofuata. Alimkuta Kishingo na kundi lake kwenye mteremko, akabonyeza, na kola yake ikatoa mluzi mkali uliopanda na kukatika. Shingo zote zikainuka. Majike walitazamana, wakatazama mlima, wakatazama anga. Hapakuwa na kitu. Wakarudi kula. Kishingo alikuja kuinusa kola, akaridhika, akahamia kwenye kifungo chake.

"Wameusikia, hawajauelewa," alimweleza Mhandisi. "Hakuna kati yao aliyewahi kuumizwa mluzi ukilia. Kwao ni kelele kama kelele nyingine."

"Basi tutabadilisha harufu. Toleo jipya litakalotambulika kama letu peke yetu. Wakimwona mtu mwingine, toleo hilo..."

"Toleo hilo nalo litaibwa, Mhandisi."

Lwitiko alikuwa mtu mwerevu, na werevu wake wote ulimrudisha mahali palepale alipokuwa Paskalina. Kama mnyama atafundishwa hofu, lazima aiogope miguu miwili, na lazima aliogope joho pia. Vinginevyo jangili atalivaa. Na fundisho hilo haliwezi kutolewa na mgeni. Mgeni akimpiga vikunya, vikunya atajifunza kumwogopa mgeni huyo tu. Anayetakiwa kupiga ni yule anayeaminiwa, akiwa ndani ya joho, mvumo wa mama ukiendelea kutoka.

"Ukifanya hivyo," alisema Lwitiko hatimaye, "hakuna mgeni wetu atakayekaribia vikunya tena. Wenye Kampuni watakufukuza, na mimi sitaweza kuwazuia. Dada, umewahi kufikiria ni kitu gani tumekipata? Tangu binadamu ajue kushika jiwe, mnyama amemkimbia. Sisi ndio wa kwanza kusamehewa. Unataka tukirudishe kwa mikono yetu?"

Paskalina alisema atafikiria. Alikuwa ameshafikiria. Kilichombakia kilikuwa woga wake mwenyewe.

*

Doña Saturnina alimpa kombeo lake, lililosukwa kwa sufu nyeusi na nyeupe, laini kwa kutumika. Hakuhitaji kumfundisha. Utotoni kwao Mbulu, Paskalina alishinda mashambani akiamia ndege kwenye ngano, na mkono haukusahau.

"Kuwafukuza wanyama wako kwa kombeo si dhambi," alisema Doña Saturnina. "Sisi llama wetu wa mizigo tunawapiga mawe na wanatupenda."

"Huyu hatanipenda."

"Hapana," alikubali yule mama. "Huyu hatakupenda. Akikupenda bado, umekosea shabaha."

Mama Ndelilio alikuwa ameketi kwenye kizingiti, magoti yake yamefungwa shali, akisikia yote. "Mimi sikubali," alisema kwa Kiswahili, waziwazi. "Mnyama amekuamini. Umemlea. Jangili ni kazi ya askari, wapeni askari magari na bunduki. Kwa nini adhabu aipate yeye?"

"Askari hawapo, Mama. Bonde lote hili lina askari wawili na pikipiki moja."

"Basi waongezwe!"

"Waongezwe lini? Majangili watarudi keshokutwa, hata kesho."

Ndelilio alinuna. Aliikunja shali yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Kesho nitakwenda na wewe," alisema. "Uliniahidi. Nitamwona kabla hujamharibu." Neno hilo lilimchoma Paskalina, na Ndelilio alijua limemchoma, akaliacha hivyohivyo.

*

Walipanda asubuhi, jua likiwa limeshakausha umande. Wote wawili walivaa majoho. Kundi lilikuwa kwenye uwanda mdogo chini ya ukingo wa mawe: majike na watoto wao, na Kishingo amesimama mahali pa juu kama madume wanavyofanya, ingawa alikuwa hachungi chochote. Alisimama pale kwa desturi tu, kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kusahaulika.

Paskalina alimwacha Ndelilio kando ya kijito, akapanda. Kishingo alimwona, akashuka kumlaki. Alikuja na mwendo wake wa madaha, akanyoosha shingo, akakamata kifungo cha mkono wa kushoto. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya majani makavu. Joho lilivuma. Paskalina alisimama akamwacha atafune, na akajisikia anampenda kiasi cha kutaka kurudi chini na kumwambia Doña Saturnina kwamba kombeo limekatika.

Kisha akamsukuma shingoni. Kishingo akarudi nyuma hatua chache, akamtazama, akidhani ni mchezo. Paskalina aliweka jiwe, akazungusha, akaachia.

Jiwe lilimpiga ubavuni kwa kishindo kikavu. Kishingo aliruka, akatua, akageuka kumtafuta aliyempiga. Alitazama nyuma ya Paskalina. Alitazama pembeni. Mahali pote alipatazama isipokuwa kwake yeye, na hilo ndilo lililomvunja Paskalina moyo kuliko yote. Ilibidi ampe jiwe la pili, naye Kishingo safari hii alikuwa anamtazama usoni, akiuona mkono ukizunguka. Likampata begani. Joho likaendelea kuvuma kwa upole.

Ndipo Kishingo alipokimbilia ukingoni, akageuka, akafungua kinywa. Mluzi ukatoka. Haukuwa safi kama ule wa Mhandisi. Ulikwaruza, ukakatika katikati, ukaanza upya, mluzi wa mnyama asiyejua kwamba ana sauti hiyo mpaka ilipomtoka. Majike wakainua shingo. Hawakuhitaji tafsiri. Walimwona dume wao akitetemeka, wakamwona mtu mwenye joho akiweka jiwe jingine, na kundi likatoka mbio kwenda juu, kwato zikirusha changarawe.

Lakini mtoto mmoja hakwenda. Alikuwa wa msimu ule, miguu mirefu isiyojua pa kukanyaga. Vurugu lilimtisha, akatafuta mama, na mama aliyemsikia karibu alikuwa akivuma kando ya kijito. Akamkimbilia Mama Ndelilio.

Paskalina aliona yote kutoka juu, na jiwe lake lisingefika bila kumpiga mama wa watu. Mtoto alisimama mbele ya Ndelilio, akanyoosha shingo, akaweka mdomo wake laini ndani ya kiganja chake. Hajaitwa. Alikuja mwenyewe. Ndelilio alikuwa amefungua mkono bila kujua, na uso wake ulikuwa umefunguka vilevile, uso wa mtu aliyepewa alichokiomba.

Paskalina hakumwita. Hakuwa na haki ya kumwita.

Kisha yule muuguzi mstaafu akainua mkono wake mwingine na kumpiga mtoto kofi la pua, kofi la nguvu zote. "Toka!" alifoka. "Toka, nenda kwa mama yako! Mimi si mama yako!" Mtoto alirudi nyuma akijikwaa. Ndelilio akamfuata kwa magoti yake mabovu, akipunga joho, akiokota changarawe na kurusha, nyingi zikimkosa, akipiga kelele za Kichaga ambazo hazijawahi kusikika katika milima ile. Ukingoni mluzi ulilia tena. Mtoto alisikia, akageuka, na safari hii alikimbia kuelekea kwa aliyempigia.

Paskalina alipofika chini, Ndelilio alikuwa ameketi kwenye mawe, anahema, amekishika kiganja chake kana kwamba kimeungua.

"Nimetoka Marangu," alisema, "nimepanda ndege na mabasi, nimekuja kumpiga kofi mtoto wa watu." Akalia bila kujificha, na Paskalina akaketi naye, akalia pia.

Baadaye walivua majoho, wakazima vidude vya kola, wakaanza kuteremka. Hawajafika mbali, mluzi ukasikika nyuma yao, sasa umenyooka kidogo. Paskalina aligeuka. Kishingo alikuwa ukingoni, kundi lake nyuma yake, mtoto katikati, shingo zote zimeelekea upande mmoja. Alikuwa akiwaonyesha yeye, Paskalina.

Paskalina alivua kofia pia. Akaelekeza uso wake juu kwenye mwanga, akasimama bila kusogea ili Kishingo amwone vizuri na asimsahau, mpaka dume yule alipomaliza kuwaonya wenzake.